Kabla Hujalipia Boksi la Kuteksi la Kila Mwezi, Pima Hivi

Maswali ni yale yale. Mtu ameona picha ya boksi dogo, lile ambalo unalipia kila mwezi na muuzaji anakutumia rangi za kucha: chupa tatu za kuteksi zimepangwa juu ya karatasi laini, kando kuna tupa ya kucha na peremende mbili. Anauliza: lina maana? Nikichoka nitajitoaje? La Marekani litafika Nairobi? Kwani nikishuka tauni sitapata hizo hizo kwa bei ya chini? Majibu nimeyapanga hapa hatua kwa hatua, ili wewe unayeanza upime mwenyewe kabla ya kutoa hata shilingi.

Msimamo wangu nautoa mapema. Boksi la kila mwezi humfaa mtu anayejipaka mwenyewe nyumbani, anayebadilisha rangi mara kwa mara, na ambaye chupa zake huisha au hukaribia kuisha. Kama kucha zako hupakwa jeli saluni kila baada ya wiki tatu, unaweza kuacha kusoma hapa. Boksi la kuteksi ya kawaida litakaa kwenye droo. Na kama bado hujijui uko upande gani, Hatua ya 3 ndiyo yako. Ifanye kwanza kabla ya kujaza fomu ya mtu yeyote.

Vitu vya kuwa navyo

- Chupa zote za kuteksi ulizo nazo, pamoja na zile zilizosahaulika kwenye mkoba wa zamani
- Karatasi nyeupe ngumu, au kucha za plastiki zisizo na rangi
- Daftari na kalamu
- Mzani mdogo wa jikoni unaopima gramu, hata wa kuazima
- Taarifa zako za M-Pesa za miezi mitatu iliyopita, uone umetumia kiasi gani kwenye kuteksi
- Mwanga wa dirishani. Rangi hudanganya chini ya balbu.

Hatua ya 1: Toa chupa zote, zipange mafungu matatu

Fungu la kwanza ni zile ulizopaka ndani ya miezi miwili iliyopita. La pili ni zile unazozipenda lakini huzipaki. La tatu ni zile zilizoganda, zilizokauka, au ambazo hukumbuki zilifikaje kwako.

Sasa chukua karatasi nyeupe na upake mstari mmoja kutoka kila chupa ambayo bado inatoka. Andika chini yake jina au nambari iliyo kwenye chupa. Acha ikauke, kisha itazame dirishani. Hapa ndipo watu wengi hushtuka: chupa tano zenye majina tofauti ni nyekundu ile ile, au ni damu ya mzee tatu ambazo huwezi kuzitofautisha ukifunika majina. Mkono wako una rangi unayoirudia, na boksi halijui hilo. Boksi nyingi huchaguliwa na muuzaji, hivyo kila mwezi utapata rangi zake, wala si zako.

Hesabu fungu la kwanza tu. Kama lina chupa mbili na mafungu mengine mawili yana kumi na nane, andika hivyo daftarini. Fungu hilo la kwanza tutalirudia mwishoni.

Hatua ya 2: Hesabu mililita, usihesabu chupa

Hii ndiyo hatua ambayo karibu kila mtu huiruka, na ndiyo inayoamua.

Kupaka mikono yote miwili, koti mbili (yaani tabaka mbili za rangi), hula takriban nusu mililita hadi mililita moja ya rangi, kutegemea urefu wa kucha zako na uzito wa mkono wako. Ukitaka kujua kiasi chako mwenyewe, weka chupa kwenye mzani, andika gramu, paka kama kawaida mara nne, kisha pima tena. Tofauti igawe kwa nne. Gramu na mililita za kuteksi hukaribiana vya kutosha kwa hesabu hii.

Sasa chukua mfano. Boksi lina chupa tatu za mililita 10. Kwa mwaka ni chupa 36, yaani mililita 360. Wewe unajipaka mara moja kwa wiki, wiki 52, na kila mara unatumia mililita nzima kwa sababu kucha zako ni ndefu. Kwa mwaka mzima umetumia mililita 52. Zilizobaki ni zaidi ya mililita 300, na kuteksi iliyofunguliwa haikungoji: viyeyushi vyake huvukiza kila unapofungua kifuniko, rangi inakuwa nzito, inaanza kuvuta nyuzi.

Kwa hesabu hiyo hakuna mtu wa kawaida anayeweza kumaliza boksi la chupa kubwa tatu kila mwezi. Ndiyo maana chupa ndogo, zile za mililita 4 au 5, zina faida kwa mtu wa maboksi, ingawa wanunuzi wengi huziona kama wamepunjwa. Chupa ya kawaida ya OPI, chapa ya kuteksi, ni mililita 15. Ile yake ndogo ni mililita 3.75. Hiyo ndogo itakupaka mara nne hadi saba hivi, na kwa rangi ya kujaribu inatosha kabisa.

Katika hesabu hii ingiza pia siku ambazo hupaki. Kama unafanya kazi jikoni hotelini, wodini au mahali popote panapokataza kucha za rangi, una wikendi na likizo tu. Kama unaswali na unaondoa rangi ili udhu wako utimie kwa maji kufika kwenye kucha, zihesabu siku zako jinsi zilivyo kweli. Mwanafunzi wa bweni ana likizo tatu. Boksi huja kila mwezi bila kujua hayo yote.

Hatua ya 3: Jitengenezee boksi lako miezi miwili

Weka kando kiasi kile kile cha pesa ambacho boksi lingekula. Tuseme boksi ni shilingi 1,500 na kupelekewa ni 250. Bajeti yako ni 1,750. Shuka Dubois Road, upande wa River Road, ambako maduka ya vipodozi yamebanana na wenye saluni hununua bidhaa zao. Nenda asubuhi siku ya kazi. Jumamosi mchana utasukumwa na hutaweza kuangalia rangi kwa utulivu.

Beba ile karatasi yako ya Hatua ya 1. Ni silaha nzuri sana. Muuzaji akikuwekea chupa ya waridi mezani, unailinganisha papo hapo na waridi uliyo nayo. Omba kwa adabu: "Samahani dada, naomba nijaribu tone moja kwenye karatasi." Wengi hukubali, hasa ukiwa unanunua kweli. Akikataa, nenda kibanda kinachofuata, viko vingi.

Mambo ya kuangalia ukiwa pale:

Shika chupa uipindue taratibu. Rangi nzuri hushuka ukutani mwa chupa kama uji mwepesi na kuungana tena. Ikibaki imejitenga, maji juu na rangi chini, na kuisugua kati ya viganja hakuirudishi, iache. Fungua uangalie shingo ya chupa. Kama kuna ukoko wa rangi iliyokauka pale kifuniko kinapokaa, imeshafunguliwa mara nyingi na kifuniko hakizibi sawasawa. Brashi iwe na nywele zilizokatwa sawa. Brashi iliyotawanyika itakupaka ngozi. Tafuta pia stika ya KEBS, shirika la viwango la Kenya, na alama ya kijichupa kilichofunguliwa chenye maandishi kama 12M au 24M. Hiyo ni miezi ambayo bidhaa hubaki salama kutumika baada ya kufunguliwa.

Nunua chupa tatu, tupa ya kucha moja na kitu kimoja kidogo cha kujifurahisha. Ukifika nyumbani funga kila kitu kwenye bahasha na usiifungue mpaka siku uliyojipangia. Nasema hivi kwa dhati. Nusu ya raha ya boksi ni kungoja na kufungua, na raha hiyo unaweza kujipa mwenyewe. Ukiwa na rafiki mwenye hamu hiyo hiyo, mnunuliane: yeye anakuchagulia rangi, wewe unamchagulia, na hapo hata ile hali ya kutojua kilichomo unaipata.

Rudia mwezi wa pili. Kisha jiulize maswali mawili. Je, pesa zilibaki? Chupa ya kuteksi ya kawaida mtaani hupatikana kwa shilingi mia au karibu na hapo, kwa hivyo mara nyingi hubaki. Na je, ulichoka kuchagua? Kuna watu ambao kusimama mbele ya rafu yenye rangi mia mbili huwachosha kabisa. Wanataka mtu mwenye jicho zuri awachagulie. Kama ni wewe, basi boksi lina kitu cha kukuuzia ambacho Dubois Road haina, na sasa unajua kinachokupa thamani.

Hatua ya 4: Soma boksi lenyewe

Sasa tazama boksi unalolitaka. Muuzaji anaweza kuwa mdada wa Nairobi anayepanga maboksi sebuleni kwake na kutuma kwa bodaboda, au kampuni kubwa ya ng'ambo. Andika majibu ya haya:

Ni kuteksi ya kawaida au ni jeli? Jeli haikauki kwa hewa. Inahitaji taa ya UV au LED, na taa isiyoendana na jeli huiacha nusu mbichi. Jeli mbichi ikigusa ngozi mara kwa mara ndiyo huleta mzio wa akrileti, hasa kiambato kiitwacho HEMA. Mzio huo ukishakupata, hauondoki. Tena, tangu tarehe 1 Septemba 2025 Umoja wa Ulaya umepiga marufuku kiambato cha TPO, kinachosaidia jeli kukauka chini ya taa, katika bidhaa za kucha, nacho kilikuwa kwenye jeli nyingi. Muuzaji wa jeli asiyeweza kukuonyesha orodha ya viambato, achana naye.

Chupa ni za mililita ngapi? "Chupa tatu" haikuambii chochote.

Rangi zimepigwa picha kwenye mkono wa nani? Rangi hafifu, kama samawati ya maziwa au waridi ya mtoto, huwa na weupe mwingi ndani yake. Kwenye mkono mweupe huonekana laini. Kwenye mkono wetu mweusi nyingi huonekana kama chaki, na huhitaji koti tatu ili zisiwe na michirizi. Omba picha kwenye mkono wenye rangi kama wako. Muuzaji wa Nairobi anayejua kazi yake atakuwa nayo tayari.

Unaweza kuruka mwezi? Unaweza kusema "usinitumie glita"? Boksi linaloruhusu haya mawili lina thamani maradufu kwangu kuliko lenye zawadi ya ziada.

Tahadhari: usipumbazwe na maneno "boksi la thamani ya shilingi 4,000 kwa 1,500 tu". Thamani hiyo huwa ni bei ya rafu ambayo muuzaji amejiwekea. Hesabu yako ni moja tu: jumla uliyolipa pamoja na usafiri, gawa kwa chupa utakazopaka kweli. Ukilipa 1,750 na chupa moja tu ikaingia kwenye fungu la kwanza, chupa hiyo imekugharimu 1,750.

Hatua ya 5: Kama boksi linatoka ng'ambo

Hapa ndipo pesa hupotea, kwa hivyo soma polepole.

Kuteksi ya kawaida huwaka moto. Ndani yake kuna nitroselulosi iliyoyeyushwa kwa ethili asetati na butili asetati, na mvuke wake hushika moto upesi. Kwa usafirishaji wa ndege huhesabiwa kuwa kimiminika kinachowaka, kundi la bidhaa hatari, na kanuni za posta ya kimataifa hazikubali vimiminika vinavyowaka kwenye barua na vifurushi vya ndege. Kampuni za kusafirisha vifurushi huweza kuvibeba kwa masharti maalumu na kwa ada ya juu. Matokeo yake ni kwamba maboksi mengi ya Marekani na Uingereza hayatumi kuteksi Kenya kabisa, na yakikubali pesa yako, usafiri hushinda bei ya boksi.

Kuna wanaopitia kwa anwani ya wakala aliye Marekani au London, ambaye hukusanya mizigo na kuileta Nairobi. Hilo huwezekana, lakini muulize wakala kwanza, kwa maandishi, kama anapokea kuteksi. Usimfiche kwa kuandika "vipodozi" tu. Kifurushi kikikaguliwa na kukutwa na kimiminika kinachowaka ambacho hakikutajwa, kinaweza kuzuiwa au kuharibiwa, na hutakuwa na la kudai. Zaidi ya hayo, hicho ni kitu kinachowaka ndani ya ndege yenye watu.

Kikifika, KRA, mamlaka ya mapato, inangoja. Vipodozi vya kutoka nje hutozwa ushuru wa forodha, ushuru wa bidhaa, ada ya tamko la uagizaji na ada ya maendeleo ya reli, kisha VAT ya asilimia 16 ambayo huhesabiwa juu ya bei ya bidhaa pamoja na usafiri, bima na ushuru uliotangulia. Kampuni iliyokuletea pia huongeza ada yake ya kushughulikia forodha. Kabla ya kujiandikisha, omba makadirio ya jumla mpaka mlangoni kwako. Mtu akikwambia "ushuru haupo, ni kitu kidogo", muulize ni nani atakayeulipa ukiwepo.

Ushauri wangu kwa anayeanza: boksi la ng'ambo la kila mwezi liache. Ukitamani rangi fulani ya huko, mwombe ndugu anayesafiri akuletee chupa moja au mbili kwenye begi lake la kupakiwa, ndani ya kiwango ambacho shirika lake la ndege linaruhusu kwa vipodozi vya matumizi binafsi.

Hatua ya 6: Tafuta mlango wa kutokea kabla ya kuingia

Julep, kampuni ya Seattle iliyojulikana kwa boksi lake la kila mwezi la kuteksi, ilifikia makubaliano mwaka 2016 na Mwanasheria Mkuu wa jimbo la Washington na kukubali kuwarudishia pesa wateja walionaswa kwenye malipo ya kila mwezi wasiyoyataka. Mtego wa aina hiyo huanza vile vile popote: boksi la kwanza la bure au la bei ya kutupa, halafu kadi yako inakatwa mwezi baada ya mwezi.

Kwa hiyo mwandikie muuzaji kabla ya kulipa. Ujumbe kama huu unatosha:

"Habari dada. Nimependa boksi lako na ningependa kuanza mwezi ujao. Naomba kujua: nikitaka kusimamisha, nikuambie siku ngapi kabla? Nikiruka mwezi mmoja kuna malipo? Chupa ikifika imevunjika inakuwaje? Asante."

Weka jibu lake, piga picha ya skrini. Akikujibu vizuri na kwa uwazi, hiyo ni dalili njema kuliko picha zake zote. Akikujibu "usijali mrembo, tutaongea", ngoja kwanza.

Kuhusu malipo, penda njia ambayo wewe ndiye unayeisukuma kila mwezi: unaweka nambari ya Lipa na M-Pesa, unaona jina la biashara, unaweka PIN. Mwezi ambao hutaki, hulipi, basi. Kadi ya benki iliyohifadhiwa kwenye tovuti, au malipo ya kujirudia uliyoyapanga kwenye simu, huendelea hata ukiwa umesahau. Ukilazimika kutumia kadi, weka kengele kwenye simu siku tano kabla ya tarehe ya kukatwa.

Tahadhari: usilipie mwaka mzima kwa sababu ya punguzo. Januari ina karo, kodi ya nyumba na madeni ya sherehe, na ndio mwezi ambao utatamani zile pesa ziwe mfukoni. Muuzaji mdogo naye anaweza kufunga biashara mwezi wa nne, na kumdai mtu aliyezima simu ni kazi.

Hatua ya 7: Lipa mwezi mmoja, kagua siku ile ile

Boksi likifika, fungua mbele ya mleta kama anaweza kungoja, au jirekodi ukifungua. Nusa kwanza. Harufu kali kabla hujafungua chupa yoyote ina maana kuna iliyovuja. Pindua kila chupa kama tulivyosema, paka mstari kwenye ile karatasi yako ya Hatua ya 1, uweke karibu na rangi inayofanana nayo.

Halafu paka kucha mbili tu, moja ya kila mkono, juu ya koti ya msingi. Kaa nazo siku tatu ukifanya kazi zako zote: vyombo, kufua, kumenya vitunguu. Rangi ikimenyeka kama ganda siku ya kwanza, usiilaumu kabla ya kupangusa kucha kwa asetoni na kurudia, maana mafuta kwenye kucha huleta hilo. Ikimenyeka tena, ni rangi yenyewe.

Mahali pa kuhifadhi: kabati lenye kivuli, chupa zikiwa zimesimama. Kwa wanaoishi chumba kimoja na kupikia humo humo, nasisitiza hili: usipake wala kuondoa rangi wakati meko ya gesi au jiko la makaa linawaka. Mvuke wa asetoni na wa kuteksi unaweza kushika moto ukiwa mbali kidogo na mwali. Fungua dirisha, zima moto, ndipo upake.

Hatua ya 8: Amua baada ya boksi la pili

Rudi daftarini. Kwenye maboksi mawili, chupa ngapi zimeingia fungu la kwanza? Kipimo changu ni nusu. Nusu au zaidi, endelea, ukikumbuka kuruka miezi. Chini ya nusu, simamisha, kwa maana ladha ya muuzaji na yako hazikutani, na boksi la tatu halitabadilisha hilo.

Kuna njia ya katikati ambayo naipenda: boksi moja, watu watatu. Mnachanga kama chama, boksi linafika kwa mmoja, kila mtu anachukua chupa yake, na mnazungusha nani anachagua kwanza. Hesabu ya mililita inakaa vizuri zaidi, kila mmoja ana chupa moja kwa mwezi kwa theluthi ya bei. Sharti ni msichangie brashi kama kuna mwenye fangasi ya kucha.

Mambo yakienda vibaya

*Rangi imekuwa nzito.* Tia matone mawili au matatu ya kiyeyushi maalumu cha kuteksi, kile chenye ethili au butili asetati, kisha sugua chupa kati ya viganja. Usitie asetoni. Italainisha leo, lakini huharibu utando wa rangi, na baada ya muda mfupi itakuwa mbaya kuliko ilivyokuwa.

*Kuna vipovu juu ya kucha.* Mara nyingi chupa ilitikiswa kwa nguvu au koti zilikuwa nene. Viringisha chupa badala ya kuitikisa, na paka koti nyembamba, dakika chache kati ya moja na nyingine. Julai, wakati Nairobi ni baridi, ongeza muda.

*Kifuniko kimegandamana.* Chovya shingo ya chupa kwenye maji ya moto kiasi kwa dakika moja au mbili, mbali na moto, kisha fungua kwa kitambaa. Pangusa shingo kwa asetoni kidogo kwenye pamba kabla ya kufunga tena.

*Ngozi inawasha, inavimba au kucha inaachana na nyama.* Ondoa rangi, acha kutumia, hifadhi chupa yenye orodha ya viambato, mwone daktari wa ngozi. Usijaribu rangi nyingine juu yake "kuona kama itatulia".

*Boksi halijafika.* Mwandikie muuzaji ukitaja tarehe uliyolipa na nambari ya muamala wa M-Pesa. Kurudishiwa pesa kupitia nambari 456 ya Safaricom kuliwekwa kwa aliyetuma kimakosa, kwa hivyo usiitegemee kudai mzigo. Muuzaji akinyamaza, una Sheria ya Ulinzi wa Watumiaji ya 2012 na Kifungu cha 46 cha Katiba upande wako, na Mamlaka ya Ushindani ya Kenya hupokea malalamiko ya wateja. Ndiyo maana nilikuambia upige picha ya yale majibu.

*Umeletewa boksi ambalo hukuagiza.* Usilifungue na usilipe. Mjulishe muuzaji kwa maandishi kwamba hukuliagiza na aje alichukue kwa gharama yake.

*Umesimamisha lakini bado unakatwa.* Kama ni kadi, piga simu benki siku hiyo hiyo, uombe malipo ya mfanyabiashara huyo yazuiwe, na uulize utaratibu wa kupinga yaliyokwisha kukatwa. Kama ni malipo ya kujirudia ya M-Pesa, ingia kwenye menyu uliyoyapangia uyafute mwenyewe, halafu angalia salio tarehe ya kukatwa inayofuata.